Nani Atabeba Mzigo? Hesabu ya Kuongeza Jengo Kuukuu Eastlands

Waite mafundi watatu waangalie nyumba moja ya Buruburu unayotaka kuipandisha ghorofa, nao watakupa bei tatu zisizokaribiana. Wa kwanza atagonga ukuta kwa ngumi, atikise kichwa kwa kuridhika na kusema, "Mzee, hii ukuta ni ya kitambo, haiendi mahali." Bei yake ndiyo ya chini. Wa pili atataka kuchimba mashimo na kusimamisha nguzo mpya. Wa tatu atakushauri ubomoe uanze upya. Wenye nyumba wengi humpa kazi yule wa kwanza na kuwaona wenzake wawili kuwa wenye tamaa.

Ukweli ni kwamba bei hizo tatu zinatofautiana kwa sababu moja: nani atabeba mzigo mpya. Fundi wa bei ya chini ameutwika ukuta wa zamani kazi hiyo bila kuuliza kama unaiweza. Wa pili ameunda miguu mipya ya kubeba, na miguu hiyo ina gharama. Wa tatu haamini chochote kilichopo. Ukiziweka bei hizo kando kwa kando bila kuuliza swali la mzigo, hujalinganisha lolote.

Makala haya yanapima njia tano za kuongeza nafasi kwenye jengo la zamani katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Yanamhusu mwenye nyumba, na pia kamati za makanisa, shule, maktaba na kumbi za mitaa ambazo hukumbana na hesabu hiyo hiyo. Mfano wetu ni chumba kimoja cha mita 4 kwa mita 5, yaani mita 20 za mraba. Vipimo tunavyotoa ni vya kulinganishia tu. Vya kujengea vitatoka kwa injinia wako.

Jengo lako ni la kizazi gani?

Eastlands haikujengwa kwa mkupuo mmoja. Pumwani ni ya miaka ya 1920. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nyumba za mawe za chini zikiuzunguka ukumbi wa kijamii. Mitaa ya Ofafa, Maringo na Jericho ikafuata katika miaka ya 1950 na 1960. Buruburu ilianza 1973 kwa fedha za shirika la maendeleo la Uingereza, CDC, ikajengwa kwa awamu: nyumba zilizoshikana, vigae vyekundu juu, koti (kundi la nyumba zenye ua mmoja) moja baada ya nyingine. Umoja ya kwanza ilisaidiwa na Marekani kupitia USAID, na Dandora ikaanzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo mtu alipewa ploti yenye huduma kisha akajijengea.

Historia hii inaingia moja kwa moja kwenye bei. Nyumba za Umoja na Dandora zilitarajiwa kuongezwa vyumba kadiri mfuko wa mwenyewe ulivyoruhusu, lakini kuongeza chumba kando ni jambo moja na kubeba ghorofa nne ni jambo jingine. Nyumba ya Buruburu ina ukuta wa pamoja na jirani, kwa hiyo uzito unaouweka kwako unashuka pia kwenye msingi anaoutegemea yeye. Nyumba za Kaloleni, Maringo na Jericho ni za kaunti. Mpangaji anayemimina simiti kwenye nyumba isiyo yake anaweza kupoteza pesa zote siku mwenye mali atakapoamua lingine, na hapo hata injinia bora hawezi kumsaidia.

Halafu kuna udongo. Upande wa magharibi wa Nairobi una udongo mwekundu mzuri. Sehemu kubwa ya Eastlands ina ule mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Nyumba iliyojengwa juu yake huinuliwa na kushushwa kidogo kidogo kila mwaka. Msingi unaostahili kuaminiwa huvuka udongo huo wote na kukaa juu ya murramu au mwamba. Sehemu nyingine mwamba uko mita moja chini, kwingine ni mita mbili au zaidi. Ukikuta msingi wako umeishia ndani ya udongo mweusi, hesabu ya kupandisha ghorofa inabadilika papo hapo.

Uzito wa chumba kimoja

Watu huhesabu mawe na mifuko ya simiti lakini hawahesabu tani. Tuzihesabu.

Slabu ya chumba chetu yenye unene wa sentimita 15 ina mita 3 za ujazo wa konkriti. Konkriti yenye vyuma ina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo slabu peke yake ni zaidi ya tani 7. Kuta za mawe ya inchi 9, urefu wa mita 2.7, baada ya kutoa mlango na madirisha, zinakaribia tani 18. Sakafu ya kusawazisha na plasta ni tani 4 hivi. Watu na samani, kwa kiwango ambacho wahandisi hukadiria kwa nyumba ya kuishi, ni tani 3. Jumla ni tani 32 hata kabla ya paa. Hiyo ni sawa na matatu kumi za abiria 14, zikiwa zimejaa, kupangwa juu ya sebule yako.

Ukitumia mawe ya inchi 6, kuta zinashuka hadi tani 12. Ukitumia paneli za EPS, zile zenye povu gumu jeupe katikati ya wavu wa chuma na plasta ya simiti pande zote mbili, ambazo Shirika la Nyumba la Taifa hutengeneza Mavoko, kuta zitakuwa tani 6 au 7. Ukijenga kwa fremu za chuma chepesi na bodi, sakafu, kuta na paa kwa pamoja hazizidi tani 3 au 4, na ukijumlisha watu na samani unafikia 6 au 7.

Usisahau tangi la maji. Kwa kuwa mifereji ya Eastlands hukauka kwa zamu, kila paa lina tangi. Lita 5,000 ni tani 5, na mara nyingi tangi hilo huwekwa kwenye kona ya ukuta.

Njia ya kwanza: Kujenga juu ya kuta za zamani

Hii ndiyo bei ya fundi wa kwanza. Unatoa paa, unamimina mkanda wa konkriti juu ya kuta, unalaza slabu na kuendelea kupanda. Kwa bei za Nairobi za miaka ya karibuni, ujenzi wa kawaida wa mawe na slabu hugharimu takriban shilingi 35,000 hadi 60,000 kwa mita ya mraba. Chumba chetu kingesimama kwa shilingi 700,000 hadi milioni 1.2.

Njia hii inafaa ikiwa mambo matatu yamethibitishwa kwa macho: msingi wa zamani umefika chini ya udongo mweusi, una kitako cha konkriti kipana, na simiti kati ya mawe ingali ngumu. Hilo la tatu unaweza kulianza mwenyewe. Chukua msumari au ufunguo, ukwangue kiungo kati ya jiwe na jiwe mahali ambapo plasta imetoka. Kikikataa, vizuri. Kikimwagika kama unga, ukuta huo umesimama kwa uzito wake na mazoea tu, na hauko tayari kwa tani 32.

Kama nyumba yako ina ukuta wa pamoja, huwezi kuamua peke yako. Nusu ya ukuta huo ni ya jirani, na ufa utakaotokea upande wake utakuwa kesi yako.

Njia ya pili: Miguu mipya

Hapa nyumba ya zamani inaachwa ijibebe yenyewe. Nguzo mpya za konkriti zinasimamishwa kando ya kuta au kwenye pembe, kila moja juu ya msingi wake, na ghorofa mpya inakaa juu ya nguzo na boriti bila kuugusa ukuta wa zamani. Kati ya kipya na cha zamani huachwa mwanya wa makusudi wa sentimita mbili au tatu, unaojazwa kitu laini kinachobonyea, ili kila upande uvimbe na kushuka kwa wakati wake.

Bei ya ziada ni ngapi? Kwa chumba chetu, chukua nguzo nne za sentimita 25 kwa 25 zinazopanda hadi mita sita, misingi minne ya mita 1.2 kwa 1.2, na boriti za kuzunguka. Hiyo ni takriban mita 5 za ujazo wa konkriti: mifuko 33 ya simiti na zaidi kidogo ya nusu tani ya vyuma. Mfuko wa simiti ukiwa kati ya shilingi 700 na 900, na vyuma vikiwa shilingi 100 hadi 140 kwa kilo, simiti na vyuma vinakula kati ya 75,000 na 103,000. Ongeza mchanga, kokoto, mbao za kumiminia, uchimbaji na mshahara wa mafundi. Hata ukizidisha mara tatu, uko kati ya 225,000 na 310,000.

Kiasi hicho ndicho mwenye nyumba "anaokoa" anapomchagua fundi wa kwanza. Kwa mradi wa shilingi milioni moja, ni chini ya theluthi. Ukiongeza ghorofa mbili au tatu, misingi na nguzo zitakuwa nene zaidi, lakini bei yake itagawanywa kwa vyumba vingi na kupungua kwa kila chumba.

Ugumu wa njia hii uko ardhini. Nguzo iliyo mpakani haiwezi kutandaza msingi wake kwa jirani, kwa hiyo injinia huufunga msingi huo na wa nguzo ya ndani kwa boriti iliyozikwa. Mashimo yaliyo karibu na ukuta wa zamani huchimbwa moja moja: chimba, mimina, ngoja likauke, kisha uende kwa jingine. Ukichimba yote kwa siku moja na mvua ya Aprili ikanyesha usiku, ukuta wa zamani utabaki ukining'inia. Na kama shimo jipya linashuka chini kuliko msingi wa zamani, injinia lazima aseme ukuta utashikiliwa vipi, kwa maandishi.

Njia ya tatu: Chumba chepesi

Fremu za chuma chepesi, sakafu ya bodi, kuta za bodi za simiti nje na jipsamu ndani, mabati juu. Uzito wake ni kama moja ya tano ya chumba cha mawe. Kuta za zamani ambazo zingelemewa na tani 32 huenda zikabeba hizi 6 au 7, mradi injinia amezikagua.

Usitarajie bei kushuka kwa kiwango hicho. Vifaa vyenyewe si rahisi, na mafundi wanaojua kazi hii ni wachache kuliko wa mawe. Akiba iko kwingine: hakuna misingi mikubwa, hakuna mbao za kumiminia, na kazi ya wiki nyingi inaweza kuisha kwa chache. Slabu ya konkriti hukaa kwenye miti ya kushikilia kwa wiki mbili hadi tatu, na konkriti hupimwa nguvu yake kamili siku ya 28. Fremu ya chuma haina kusubiri huko. Kwa mtu anayeishi na watoto ndani ya nyumba inayojengwa, hilo lina thamani yake.

Hasara zake ni kelele ya mvua juu ya mabati, joto la mchana usipoweka kizuizi chini ya paa, na wizi rahisi kama bodi za nje ni nyembamba. Wapangaji wa Eastlands wamezoea ukuta wa mawe. Ukijenga ili ukodishe, fikiria hilo kabla.

Njia ya nne: Kando

Kama ploti ina nafasi, chumba cha chini kilichojengwa kando ya nyumba ndicho cha bei nafuu na chenye hatari ndogo. Hakihitaji slabu ya juu wala nguzo ndefu. Kinahitaji msingi wake mwenyewe uliovuka udongo mweusi, na mwanya kati yake na nyumba ya zamani. Kosa la kawaida ni kukifunga chumba kipya kwenye ukuta wa zamani kwa vyuma au mawe ya kuumana. Msingi mpya hushuka kidogo katika misimu ya kwanza, wa zamani umeshatulia, na ufa hupasuka pale pale kwenye kiungo.

Majengo makubwa yenye historia yameipenda njia hii. Jumba la Makumbusho la Nairobi lilifunguliwa pale Museum Hill mwaka wa 1930 kwa jina la gavana Robert Coryndon. Katika miaka ya 1950 Louis Leakey aliwaomba wananchi michango ya kulipanua, na kumbi zilizopatikana, zikiwemo ile ya Mahatma Gandhi na ya Aga Khan, ziliwekwa upande wa kulia wa mlango mkuu. Lilipofungwa Oktoba 2005 kwa ukarabati na upanuzi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, lilijengewa jengo jipya la utawala na biashara, na likafunguliwa Desemba 2007. Jumba likapata nafasi, na kumbi za 1930 zikabaki.

Mwenye ploti ya Dandora au Umoja hana Museum Hill ya kutandaza majengo, najua. Lakini anaweza kufuata utaratibu uo huo: kipya kisimame kwa miguu yake, cha zamani kisitwikwe. Kabla ya kuchimba, tafuta mabomba ya majitaka yanapita wapi. Katika koti nyingi yako nyuma ya nyumba, hapo hapo ambapo kila mtu anataka kuweka jiko jipya.

Njia ya tano: Bomoa ujenge upya

Nyumba ya mita 60 za mraba ukiibomoa na kujenga ghorofa moja juu ya ile ya chini, una mita 120. Kwa bei zile zile, ni shilingi milioni 4.2 hadi 7.2, ukiongeza kodi ya mahali utakapoishi wakati wa ujenzi. Njia hii inaeleweka ukitaka ghorofa tatu na zaidi, au msingi ukionekana umekwisha. Faida yake ni kwamba injinia anahesabu kila kitu kuanzia chini, bila kubahatisha. Hasara yake, mbali na fedha, ni kwamba katika nyumba zilizoshikana kubomoa upande wako kunamwondolea jirani egemeo. Ukuta wake lazima ushikiliwe kabla nyundo ya kwanza haijapigwa.

Kwa majengo yenye historia, hii ndiyo njia ya mwisho kabisa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda majengo yaliyotangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali, na huwezi kuyagusa bila kibali. Maktaba ya McMillan katikati ya jiji, iliyofunguliwa 1931, ina hata sheria yake yenyewe.

Na njia ambayo haiongezi kitu

Mara nyingine kinachokosekana si nafasi, ni mpangilio. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya McMillan, zilikuwa zimechakaa. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na kaunti kuzikarabati na kuzirudisha kwa wasomaji. Kamati ya ukumbi au kanisa inayofikiria kupandisha ghorofa ianze na swali hilo: tukiziba paa, tukabadilisha taa, tukatoa vitu vilivyorundikwa stoo, bado tunahitaji mita ngapi?

Ukarabati nao una hatari zake. Zanzibar ina somo chungu. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 lililogeuzwa makumbusho pale Forodhani, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Jengo kuukuu linapofunguliwa kwa kazi, uzito hubadilisha njia. Kushikilia kwa muda, yaani miti na vyuma vya kuegemeza, ni sehemu ya bei halisi na haifai kuachiwa kontrakta aamue akiwa pale pale.

Gharama ambazo watu huziruka

Shimo la ukaguzi. Vijana wawili na jembe wanaweza kulichimba kwa siku moja kando ya ukuta. Kuna mengi ya kuona humo: udongo mweusi unaishia wapi, msingi una kitako cha konkriti au ni mawe yaliyopangwa tu, na kama maji yanasimama chini. Chimba mashimo mawili, mbele na nyuma, kwa sababu ploti moja inaweza kuwa na mwamba upande mmoja na udongo mweusi upande wa pili.

Kioo juu ya ufa. Kama ukuta una ufa, bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa jipsamu, uandike tarehe, ukiache kipitie kiangazi na mvua. Kioo kikivunjika, ukuta ungali unatembea. Kikibaki kizima, huenda ufa ni wa zamani na umetulia. Gharama yake haifiki hata bei ya mfuko wa simiti.

Injinia. Ada yake huwa asilimia ya gharama ya ujenzi au kiasi mnachokubaliana. Hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, na kwamba amekuja kuona nyumba. Mchoro uliopigwa mhuri na mtu ambaye hajawahi kufika Umoja ni karatasi tu.

Vibali. Michoro ya msanifu na ya injinia inapelekwa kwa kaunti, mradi unasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na kontrakta naye awe amesajiliwa huko. Kanuni mpya za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, kwa hiyo mchoro wa zamani uliorithi kwa baba hautoshi. Jengo lisilo na karatasi hizi likichorwa alama nyekundu ya X ya kubomolewa ukutani, hutakuwa na la kujitetea.

Vipimo vya konkriti. Kila siku ya kumimina, chukua vipande vya majaribio uvipeleke maabara. Kama kontrakta anakwepa hilo, muulize kwa nini.

Mwenye kuona haya yote ni anasa akumbuke mtaa wa Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua za masika, jengo la ghorofa sita lilianguka na kuua watu karibu 50. Wapangaji waliokufa pale hawakuwa na sauti juu ya msingi wala juu ya vibali.

Kwa ufupi

Juu ya kuta za zamani: bei ya chini, hatari ya juu. Kubali tu baada ya shimo la ukaguzi na barua ya injinia, na kwa ghorofa moja tu.

Miguu mipya: ongeza shilingi 225,000 hadi 310,000 kwa chumba cha mfano. Ndiyo njia ya nyumba zilizoshikana za Buruburu.

Chumba chepesi: bei inakaribiana na ya mawe, muda mfupi, uzito moja ya tano. Inafaa pale msingi ni wa wastani na familia haiwezi kuhama.

Kando: nafuu na salama kuliko zote, kama ploti inaruhusu. Inafaa Umoja, Dandora, shule na makanisa.

Kubomoa: shilingi milioni 4.2 hadi 7.2 kwa nyumba ya mita 60 inayojengwa upya na ghorofa moja juu. Inafaa kwa ghorofa tatu na zaidi, na haifai kwa jengo lenye historia.

Maswali manne kabla ya kulipa amana

Muulize fundi au kontrakta: Uzito mpya unashukia wapi hadi ardhini? Msingi wa zamani umeuona kwa macho? Kuna mwanya kati ya kipya na cha zamani? Ukuta wa jirani utashikiliwa na nini wakati wa kuchimba?

Anayejibu yote manne kwa mchoro mkononi, mpe nafasi ya kutaja bei hata kama ni ya juu. Anayejibu "haiendi mahali" hajakupa bei ya kujenga, amekupa bei ya kujaribu bahati. Uamuzi wetu ni huu: kwa nyumba iliyoshikana na ya jirani, jenga kwa miguu mipya au usipande kabisa; kwa ploti yenye nafasi, jenga kando; kwa ukumbi au maktaba ya mtaa, karabati kwanza. Na kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simiti, chimba lile shimo umwite injinia aingie ndani aangalie.